Injini Nayo Hupumua: Kazi ya Mipira ya Ombwe Chini ya Boneti

Mchanganyiko wa hewa na petroli unapowaka ndani ya silinda, shinikizo linaloisukuma pistoni kwenda chini linaweza kuzidi mara 50 shinikizo la hewa ya kawaida, na hakuna ringi ya pistoni, hata ikiwa mpya na imefungwa na fundi hodari, inayoweza kulizuia lote lisipenye. Kiasi kidogo cha gesi hupita kila mara kati ya ringi na ukuta wa silinda, kikashuka hadi kwenye chumba cha krankishafti, yaani ile nafasi iliyo chini ya silinda ambamo krankishafti huzunguka juu ya sampu yenye oili. Gesi hiyo ina moshi, mvuke wa maji, tindikali na, kwa sehemu kubwa, mchanganyiko wa hewa na petroli ambao haujaungua. Kila lita moja ya petroli inayoungua huzaa karibu lita moja ya maji, na ingawa sehemu kubwa ya maji hayo hutoka kwa bomba la moshi, yale yanayopenya ringi yanatosha, yakikosa pa kutokea, kuigeuza oili kuwa tope jeusi muda mrefu kabla ya siku yake ya kubadilishwa.

Pa kutokea penyewe ni mpira. Mpira huo, pamoja na ndugu zake wembamba wanaosambaa kutoka kwenye njia ya hewa ya injini kwenda kwenye breki na vifaa vingine, ni miongoni mwa vipuri vya bei ndogo kabisa katika gari, na huenda ndiyo sababu hutazamwa mwisho, baada ya plagi, sensa, pampu ya mafuta na pengine hata ringi zenyewe kubadilishwa bila faida.

Katika miongo ya mwanzo ya historia ya gari, tatizo la gesi hiyo lilitatuliwa kwa njia rahisi kupita kiasi. Bomba la chuma lilitolewa ubavuni mwa injini likaelekezwa chini, karibu na barabara, ili upepo unaopita chini ya gari linalotembea ufyonze mvuke na kuumwaga nje. Gari liliposimama kwenye foleni bomba halikufyonza chochote, na lilipotembea lilidondosha oili barabarani na kutoa mvuke wa petroli hewani. Kasoro hiyo ya pili ndiyo iliyoliondoa. Mwanzoni mwa miaka ya 1950, Arie Haagen-Smit, mwanakemia mzaliwa wa Uholanzi aliyekuwa akifanya kazi katika Taasisi ya Teknolojia ya California, alionyesha kwamba ukungu mchungu uliokuwa ukiwaumiza macho wakazi wa Los Angeles ulitokana na mvuke wa mafuta na oksidi za naitrojeni vinapokutana chini ya jua kali. Ilipochunguzwa mvuke huo unatoka wapi ndani ya gari, ilibainika kwamba kiasi kinachokaribia robo hakikutoka kwenye bomba la moshi hata kidogo, bali kwenye bomba la kupumulia la chumba cha krankishafti. Kuanzia modeli za 1961, magari mapya yaliyouzwa California yalifungwa mfumo unaourudisha mvuke huo ndani ya injini ili ukaungue, na kufikia modeli za 1963 utaratibu huo ulikuwa umeenea katika magari mapya ya Marekani nzima. Huo ni udhibiti wa uchafuzi wa hewa uliotangulia kwa zaidi ya miaka 10 kichujio cha kikemikali cha bomba la moshi, na tofauti na kichujio hicho, ambacho humfaidi zaidi mpita njia, mfumo huu humfaidi mwenye gari mwenyewe kwa kuisafisha oili yake.

Ili mvuke urudi ndani ya injini, lazima kuwe na kitu cha kuuvuta, na kitu hicho ni ombwe, ambalo mafundi huliita vakyumu. Nguvu ya injini ya petroli hudhibitiwa kwa kuibania hewa: kati ya chujio cha hewa na silinda kuna kilango, kisahani cha chuma kinachofunguka dereva anapokanyaga mafuta na kujifunga anapoachia. Pistoni zinaposhuka zikivuta hewa huku kilango kikiwa karibu kimefungwa, shinikizo katika manifoldi ya hewa, yaani lile bomba lenye matawi linaloigawa hewa kwa kila silinda, huwa dogo sana kuliko lile la nje. Tofauti hiyo ndiyo ombwe, na hupimwa kwa inchi za zebaki. Injini nzima ikiwa katika sailensi, yaani ikizunguka bila kukanyagwa mafuta, husoma kati ya inchi 17 na 22 mahali palipo usawa wa bahari.

Maneno hayo ya usawa wa bahari yana uzito mkubwa katika Afrika Mashariki kuliko katika nchi ambako vitabu vingi vya ufundi huandikwa. Hewa hupungua uzito kadiri mtu anavyopanda, na geji ya ombwe hupoteza takriban inchi moja kwa kila mita 300 za mwinuko, hivyo gari ambalo geji yake ilisoma inchi 20 Mombasa litasoma inchi 14 au 15 likifika Nairobi, mji ulio karibu mita 1,700 juu ya bahari, bila kuharibika chochote njiani. Fundi wa Nairobi, Arusha au Mbeya anayelinganisha geji yake na kitabu bila kufanya hesabu hiyo ataihukumu injini isiyo na kosa.

Mfumo wa kupumulia wenyewe huwa na mipira miwili, na wengi huichanganya. Wa kwanza hutoka kwenye bomba la hewa safi, baada ya chujio lakini kabla ya kilango, ukaingia kwenye kifuniko cha juu cha injini. Huo huleta hewa safi iliyochujwa. Wa pili hutoka ndani ya injini kupitia vali ndogo, inayofahamika gereji kwa herufi PCV, ukaingia kwenye manifoldi baada ya kilango, mahali penye ombwe. Kwa hiyo, katika mwendo wa kawaida, hewa safi huingia upande mmoja, ikapita ndani ya injini ikichukua mvuke, na kutokea upande wa pili kwenda kuunguzwa.

Vali hiyo ni kitu cha werevu kuliko inavyoonekana. Ndani yake mna kijiti chenye umbo la koni kinachozuiwa na springi, na ombwe hukivuta kuelekea manifoldi. Gari likiwa katika sailensi ombwe huwa kali, kijiti huvutwa mpaka karibu kuziba njia, na mvuke mchache tu hupita, jambo linalofaa kwa kuwa wakati huo gesi inayopenya ringi ni ndogo na injini haiwezi kumeza hewa nyingi ya ziada bila kuyumba. Gari likiwa safarini kwa mwendo wa wastani ombwe hupungua, springi hukirudisha kijiti nyuma kidogo, na njia hupanuka. Dereva anapokanyaga mafuta mpaka mwisho, tuseme akipanda mlima na mzigo, ombwe hutoweka karibu lote wakati uleule gesi inayopenya ringi inapokuwa nyingi kabisa. Hapo vali hushindwa kuimeza yote, na ziada hurudi kinyumenyume kupitia ule mpira wa hewa safi, ikaingia kwenye bomba la hewa na kuvutwa na injini kwa njia hiyo. Na iwapo moto utarudi nyuma katika manifoldi, vali hujifunga ili cheche zisifike kwenye mvuke wa petroli uliomo chini. Kuna mafundi wanaoitoa vali hii na kuunganisha mpira moja kwa moja, wakidhani wameifungulia injini njia pana zaidi ya kupumua, kumbe wameondoa pia kinga hiyo.

Ni vyema kutambua kwamba vali ya kupumulia ni uvujaji wa ombwe ulioidhinishwa. Mtengenezaji alijua tangu mwanzo kiasi cha hewa kitakachopita hapo, akaipangia injini mafuta yake kwa kukizingatia, na ndiyo maana vali ya injini nyingine, hata ikiingia vizuri kwenye tundu lake, inaweza kuharibu sailensi ya gari lililokuwa salama.

Mipira mingine ya ombwe haina uhusiano na oili. Huazima tu mvuto wa manifoldi kufanya kazi ambayo ingehitaji nguvu ya mtu au umeme. Muhimu kupita yote ni ule mnene unaokwenda kwenye servo ya breki, lile pipa jeusi bapa lililo nyuma ya silinda kuu ya breki. Mbelgiji Albert Dewandre ndiye aliyebuni kifaa cha namna hiyo katika miaka ya 1920: ngozi ya mpira iliyo ndani ya pipa huwa na ombwe upande mmoja, na dereva anapokanyaga pedali hewa ya nje huruhusiwa upande wa pili, ikaongeza nguvu ya mguu wake. Mpira huo ukipasuka breki hazifi, lakini pedali huwa ngumu kiasi cha kumshtua dereva asiyetarajia. Wakati fulani ombwe liliendesha hata waipa za kioo, kama katika Ford Anglia za miaka ya 1950, ambazo waipa zake zilipunguza kasi kila gari lilipopanda mlima kwa sababu dereva alikuwa amekanyaga mafuta na ombwe kutoweka. Mvua na mlima vikikutana, dereva alilazimika kuachia mafuta kidogo ili aone mbele. Mercedes-Benz W123 za dizeli zilitumia ombwe kufunga milango na pia kuizima injini, hivyo mpira uliovuja ndani ya mlango ungeweza kuifanya injini iendelee kunguruma huku ufunguo uko mkononi mwa mwenyewe. Injini ya dizeli ya aina ya kale, kwa kuwa haina kilango cha kubania hewa, haizalishi ombwe la kutosha, na ndiyo sababu pikapu nyingi za Toyota za dizeli zina pampu ya ombwe iliyofungwa nyuma ya alternata. Dereva wa gari kama hilo anayeona breki zimekuwa nzito aanze kutazama huko.

Enzi ya fujo kubwa ya mipira hii ilikuwa ile ya kabureta za mwisho. Japani ilipoweka mwaka 1978 kikomo cha gramu 0.25 za oksidi za naitrojeni kwa kilomita moja, watengenezaji waliokuwa bado hawana kompyuta za kutegemewa walilazimika kuendesha vali nyingi ndogo kwa ombwe peke yake, na chini ya boneti kukawa na msitu wa mipira myembamba ambao mchoro wake ulibandikwa kwenye boneti ili fundi asipotee. Kompyuta ndiyo iliyoufyeka msitu huo. Magari ya leo yana mipira michache, lakini kila mmoja uliobaki una maana zaidi kuliko zamani, kwa kuwa sasa kuna kompyuta inayohesabu hewa.

Hesabu hiyo hufanywa kwa njia mbili, na kosa lilelile la mpira huonyesha dalili tofauti kulingana na njia iliyotumika. Injini kama 1NZ-FE, iliyomo ndani ya Toyota Probox na Vitz nyingi zinazozunguka katika miji ya Afrika Mashariki, ina sensa iliyo karibu na chujio inayopima hewa inavyoingia, na kompyuta huipa kila gramu 14.7 za hewa gramu moja ya petroli. Hewa inayoingia kwa tundu la mpira uliopasuka baada ya sensa hiyo haikuhesabiwa, hivyo haipewi mafuta. Mchanganyiko huwa mwepesi, injini hutetemeka na kumisi katika sailensi, na sensa ya oksijeni kwenye bomba la moshi hugundua kwamba kuna hewa ya ziada. Kompyuta huongeza mafuta kidogokidogo mpaka ifike mwisho wa ruhusa yake, kisha huwasha taa ya injini na kuandika msimbo P0171. Injini nyingine, kama 5A-FE za Corolla za miaka ya 1990, hazipimi hewa inayoingia bali shinikizo lililomo ndani ya manifoldi. Kwazo uvujaji huonekana kana kwamba dereva amekanyaga mafuta, kompyuta hutii kwa kumwaga petroli zaidi, na sailensi hupanda, au hupanda na kushuka kwa zamu huku kompyuta ikijaribu kuirekebisha.

Kutokana na hayo hupatikana kanuni ambayo ingeokoa fedha nyingi kama ingezingatiwa. Tundu la mpira huingiza kiasi fulani cha hewa, na kiasi hicho ni kikubwa kikilinganishwa na hewa kidogo inayotumika katika sailensi, lakini ni kidogo mno kikilinganishwa na ile inayomezwa barabarani, ambako isitoshe ombwe lenyewe hupungua. Hivyo gari linalotetemeka likiwa limesimama na kutulia likikimbia lina uwezekano mkubwa wa kuwa na mpira unaovuja, ilhali gari linalotulia likisimama na kukosa nguvu kwenye mlima lina uwezekano mkubwa wa kuwa na tatizo la mafuta, kama vile chujio lililoziba au pampu iliyochoka. Msimbo P0171 unaweza kutokea kwa yote mawili, na msimbo peke yake hautofautishi. Hata hivyo sensa ndizo hulaumiwa kwanza, pengine kwa sababu jina la sensa husikika kuwa la kitaalamu kuliko la mpira.

Kuziba ni ugonjwa wa pili, nao dalili zake ni kinyume. Vali iliyojaa tope haivuti mvuke, shinikizo hujikusanya ndani ya injini, na gesi hutafuta mlango dhaifu: sili ya krankishafti huanza kuvuja, gasketi ya kifuniko cha juu hulowa, kijiti cha kupimia oili hurushwa nje ya tundu lake, na oili hukutwa ndani ya boksi la chujio la hewa kwa kuwa mvuke wote umelazimika kurudi kwa njia ya mpira wa hewa safi. Fundi asiye makini hubadilisha sili, na baada ya muda mfupi sili mpya nayo huvuja, kwa kuwa kilichoisukuma ile ya kwanza bado kipo. Ikumbukwe pia kwamba dalili hizohizo hutokea ringi zinapokwisha kweli na gesi kupenya kupita uwezo wa vali, na hapo ndipo uamuzi wa kushusha injini hufanywa, mara kwa haki na mara bila haki.

Mpira wa hewa safi ukipasuka, hasara huenda mbali zaidi ya sailensi. Katika barabara ya murram hewa inayoingia kwa ufa huo haipiti kwenye chujio. Huingiza vumbi lenye mchanga ndani ya injini, vumbi husaga ringi na kuta za silinda, na ringi zilizosagika hupitisha gesi zaidi. Gari lenye chujio jipya la bei ghali na mpira uliopasuka ni gari lisilo na chujio.

Umri wa mpira ndio kiini cha tatizo katika eneo hili. Kenya hairuhusu kuingizwa kwa gari lililozidi miaka 8 tangu lisajiliwe mara ya kwanza, na Uganda iliweka mpaka wa miaka 15 kwa sheria ya 2018, maana yake ni kwamba magari mengi huanza maisha yake ya pili hapa yakiwa na mipira iliyokwishapikwa na joto la injini kwa miaka mingi. Mpira uliozeeka hukakamaa na kupasuka karibu na klipu, mahali ambapo ufa hufichika. Ule unaopitisha mvuke wa oili unaweza badala yake kulainika na kuvimba mpaka ukabanwa bapa na ombwe, ukaziba bila kuonyesha tundu. Kwa sababu hiyo si kila mpira unafaa kila mahali. Mpira wa silikoni unaouzwa kwa rangi za kupendeza huvumilia joto na unafaa kwa njia za ombwe zenye hewa kavu, lakini huharibiwa na oili na petroli na haufai kwa njia ya kupumulia, isipokuwa uwe umetandikwa ndani kwa tabaka maalumu. Njia ya kupumulia huhitaji mpira unaostahimili oili, wenye nyuzi ndani ya ukuta wake ili usinywee. Mpira mwembamba wa plastiki angavu wa aina inayotumika kupitishia maji hulainika kwa joto la injini na kuchomoka, na kuufunga kwenye servo ya breki ni hatari.

Uchunguzi hauhitaji mitambo mikubwa. Injini ikiwa katika sailensi, sikio husikia mluzi wa hewa. Mpira ukibanwa polepole kwa koleo lililofungwa kitambaa, sailensi ikitulia, kosa limepatikana kwenye njia hiyo. Maji ya sabuni yanayopulizwa kwa uangalifu kwenye maungio hufyonzwa kwenye ufa na kuubadilisha mlio wa injini, na ni salama kuliko desturi ya kupuliza petroli au dawa ya kusafishia kabureta, ambayo imewahi kuwasha moto chini ya boneti za watu. Kipande cha karatasi nyepesi kikiwekwa juu ya tundu la kujazia oili injini ikizunguka, kinatakiwa kivutwe chini kidogo. Kikirushwa juu, gesi haitoki inakopaswa kutokea. Vali yenyewe ikitolewa na kutikiswa hulia, na isiyolia imeganda. Servo hupimwa kwa kukanyaga pedali mara kadhaa injini ikiwa imezimwa, kisha kuishikilia na kuwasha: pedali ikizama kidogo, mpira na servo ni wazima.

Mwenye gari anayeambiwa kwamba ringi zimekwisha ana haki ya kudai kwanza vali hiyo itolewe mbele ya macho yake, mipira yake ipulizwe ionekane kama inapitisha hewa, na kompresheni ipimwe silinda moja baada ya nyingine. Fundi anayetaka kushusha injini bila kufanya hayo atafutiwe mwingine.